Isale: jani linalosema samahani

Wadau, leo naanzia Japani, halafu tutapanda wote hadi kihambani.

Wajapani wana shairi fupi liitwalo haiku. Zima lina mizani 17 tu: 5, 7, 5. Mshairi wetu wa Kiswahili humaliza 16 kwenye mshororo mmoja! Sasa kwa mizani 17 utasema nini? Utataja ua, basi. Neno "hana", yaani ua, kwenye ushairi wao likisimama peke yake linaeleweka ni ua la sakura. Msomaji anajua papo hapo kwamba baridi imekwisha, na kwamba uzuri haukai, maana sakura hupukutika ndani ya siku chache. Maneno ya namna hiyo wameyakusanya kwenye vitabu viitwavyo saijiki, wakayapanga kwa majira.

Sisi Wachaga tuna isale. Likipandwa mpakani linasema kihamba changu kinaishia hapa. Likiwa penye makaburi linasema wazee wamelala hapa. Likifungwa fundo na kupelekwa kwa uliyemkosea, linasema nisamehe, na kulikataa ni mwiko.

Nikiwa shule ya msingi, babu na mdogo wake walikuwa hawasemezani kwa ajili ya mpaka. Asubuhi moja yule mdogo akaja na isale mkononi, hakusema kitu. Babu alisimama muda mrefu, akalipokea. Jioni wakanywa mbege kata moja.

Saijiki yetu iko wapi? Mmisionari Bruno Gutmann, aliyefanya kazi Kilimanjaro kuanzia 1902, alichapa kitabu kinene kuhusu sheria za Wachaga mwaka 1926. Lakini alikiandika kwa Kijerumani. Yaliyobaki yalikuwa vichwani mwa wazee, na wazee wanakwenda.

Desemba nilipokwenda nyumbani nilikuta mtoto wa baba mdogo ameng'oa masale ya mpakani, akaweka bikoni za saruji. Nikamfokea mbele ya watu, maneno ambayo hayafai kuandikwa hapa. Bikoni inaonyesha mpaka vizuri tu, tena kuliko jani. Ila haiwezi kubebwa kupelekwa kwa mtu.

Tangu siku ile hatusemezani. Mwenye kosa la matusi ni mimi, na najua dawa yake. Tatizo ni kwamba nikimpelekea isale, yeye ataona jani tu.

Nadhani itabidi kwanza nimsimulie habari za babu.