Ubao, Kitabu na Kishikwambi

Tangu mwanadamu alipotambua kwamba ayajuayo leo yaweza kuzikwa pamoja naye kesho, amekuwa akitafuta chombo cha kuipakia elimu yake, ili ivuke kutoka kizazi kimoja hadi kingine. Chombo hicho kimebadilika mara nyingi. Kilikuwa ulimi, kikawa ubao, kikawa kitabu, kikawa redio, na sasa ni kioo ambacho mtoto hukipapasa kwa kidole. Kila kilipokuja kipya, watu walisimama pande mbili. Wa upande mmoja walikiogopa, wakasema kitaiharibu elimu. Wa upande wa pili walikitukuza, wakasema kitaumaliza ujinga. Historia imezikosoa pande zote mbili, na yafaa tuisikilize.

Hofu ina umri mkubwa. Plato, mwanafalsafa wa Uyunani wa karne ya 4 kabla ya Kristo, alieleza katika mazungumzo yaitwayo Phaedrus kisa ambacho Socrates alimsimulia rafiki yake. Mungu mmoja wa Misri, jina lake Theuth, alibuni maandishi akampelekea mfalme Thamus, akijisifu kwamba amepata dawa ya kumbukumbu. Mfalme hakufurahi. Alijibu kwamba maandishi yatawasahaulisha watu, kwa kuwa watayategemea yaliyo nje yao badala ya kuyatunza moyoni, nao wataonekana wenye hekima hali hawanayo. Onyo hilo halikuwa la upuuzi. Lakini tazama ajabu ya mambo: sisi twalijua leo kwa sababu Plato aliliandika.

Katika pwani yetu maandishi na kumbukumbu vilipatana. Katika vyuo vya Kurani vya Lamu, Mombasa na Unguja, mtoto aliandikiwa aya ubaoni kwa wino na kalamu ya mwanzi. Alipokwisha kuihifadhi, ubao ulioshwa kwa maji akaandikiwa nyingine. Ubao mmoja ulitosha kwa kitabu kizima, maana kitabu chenyewe kilihamia kifuani mwa mtoto. Kwa herufi hizo hizo za Kiarabu washairi wa Kiswahili waliandika tenzi zao, na Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728, umetufikia kwa njia hiyo. Chombo kilikuwa hafifu, walakini kilimfikia kila mtoto aliyeketi jamvini, na mwalimu alikuwa karibu naye kumsahihisha.

Kisha kikaja kitabu cha chapa. Johannes Gutenberg alichapa Biblia katika mji wa Mainz, Ujerumani, karibu mwaka 1455, na tangu hapo kitabu kikaanza kutoka katika makasha ya matajiri. Katika karne ya 19 wamisheni walileta mitambo ya kupigia chapa Afrika ya Mashariki. Mmoja wao, Edward Steere, alichapa vitabu vya Kiswahili Unguja kwa herufi za Kirumi. Faida ya kazi ile haina kipimo, maana twala matunda yake hata leo. Lakini haikuja bila ya hasara. Shule na ofisi za wakoloni ziliposhika herufi za Kirumi, wazee wengi wa pwani waliosoma na kuandika maisha yao yote kwa herufi za Kiarabu walihesabiwa kuwa wasiojua kusoma. Mlango ule ule uliowafungulia wengine uliwafungia wao. Hapa ndipo historia inapotufundisha swali la kuuliza: chombo kipya kikija, nani anabaki nje?

Tukiuliza swali hilo, tutaelewa kwa nini chombo kisicho na fahari ndicho kilichodumu. Mwanzoni mwa karne ya 19, James Pillans, mwalimu mkuu wa shule moja ya Edinburgh, Uskoti, alifundisha jiografia kwa kuchora ramani juu ya ubao mweusi kwa chaki za rangi. Ubao huo ulienea duniani kote. Hauulizi mtoto kwao kuna mali gani. Darasa zima huutazama pamoja. Aketiye nyuma huliona jibu analoliona aketiye mbele, na kosa likionekana hufutwa mbele ya wote, wote wakajifunza. Hauhitaji umeme, na mvua ikileta giza mchana, hutosha kuusogeza karibu na dirisha.

Kipya kinyemi, walisema wahenga, ingawa kidonda. Mwaka 1913, Thomas Edison, bingwa wa uvumbuzi wa Marekani, alitabiri kwamba sinema itachukua mahali pa vitabu na kwamba shule zitageuka kabisa katika muda wa miaka 10. Miaka 10 ilipita, na mingine 100 ikapita, na vitabu vingali mikobani mwenu. Edison aliijua mashine kuliko watu wote wa zama zake, lakini alisahau kwamba picha haimsikii mtoto. Mtoto akiwa hakuelewa, picha huendelea na safari yake.

Redio nayo ilijaribiwa hapa kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Taasisi ya Elimu ya Kenya, ambayo sasa ni KICD, ilishiriki katika mpango wa kufundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa matatu ya kwanza ya shule za msingi. Sauti iliuliza swali, ikanyamaza, watoto wakajibu kwa pamoja. Na mwalimu alikuwapo darasani akiwaongoza. Watoto waliofundishwa hivyo waliwapita wenzao katika kusikia na kuielewa lugha ile. Angalieni siri ya mpango huo: redio haikumtoa mwalimu darasani, bali ilimwongezea sauti.

Mwaka 2013 wanasiasa waliahidi kila mtoto aingiaye darasa la kwanza kompyuta yake. Baada ya mashauri mengi, ahadi ikageuka kuwa vishikwambi, na tangu mwaka 2016 zaidi ya milioni moja vilipelekwa katika shule za msingi za umma zaidi ya 20,000. Kwa ajili yake nyaya za umeme zilifikishwa katika shule nyingi ambazo hazijapata kuona taa, na jambo hilo peke yake lilikuwa jema. Lakini katika shule nyingine vishikwambi vilifungiwa kabatini kwa hofu ya wezi, na katika nyingine mwalimu hakupewa mafunzo ya kutosha ya kuvitumia. Chombo kilifika shuleni, kisifike mkononi.

Ndipo ukaja mtihani mkubwa. Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia Kenya, shule zote zilifungwa. Masomo yakahamishiwa katika redio, televisheni na intaneti. Hapana budi kuwashukuru waliofanya kazi hiyo, maana bila yao pasingekuwa na kitu. Hata hivyo, mtoto wa nyumba yenye umeme na simu aliendelea kusoma, na mtoto wa nyumba isiyo na hivyo alikwenda kuchunga mbuzi, kuuza mboga au kulea wadogo zake. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Tarehe 12 Oktoba mwaka huo, wanafunzi wa gredi ya 4, darasa la 8 na kidato cha 4 walirudi shuleni. Wengine walirudi Januari 2021. Mtihani wa KCSE wa mwaka 2020 ulifanywa mwezi Machi na Aprili 2021. Karatasi ya maswali ilikuwa moja kwa wote, ijapokuwa miezi ile saba haikuwa sawa kwa wote.

Jambo hilo lisisahauliwe upesi. Chombo kile kile kilichokuwa daraja kwa mmoja kilikuwa ukuta kwa mwingine, wala kosa halikuwa la chombo. Lilikuwa la sisi tuliodhani kwamba kitu kikiwapo duniani kimewafikia watu wote.

Leo kuna mashine za akili bandia, zilizoanza kujulikana na watu wengi mwishoni mwa mwaka 2022, ambazo huandika insha kwa dakika moja. Onyo la mfalme Thamus limerudi, na safari hii lina uzito zaidi. Ubao wa chuoni ulioshwa baada ya aya kuingia kifuani. Mwanafunzi anayenakili jibu la mashine huosha ubao kabla ya kusoma. Lakini atakayeikimbia mashine hiyo naye atakuwa kama mtu aliyekikataa kitabu kwa kuipenda kumbukumbu yake. Itumieni kama mwenzi wa kuulizwa na kubishiwa, msiitumie kama mtumwa wa kufikiri kwa niaba yenu.

Baadhi yenu mtakuwa walimu, wengine wahandisi, wengine wabunge wa kupitisha fedha za shule. Siku mtakapoletewa chombo kipya, msikiogope wala msikisujudie. Ulizeni kama kitamfikia mtoto wa mwisho katika kijiji cha mwisho, na kama atakuwapo mtu wa kuketi naye anaposhindwa kuelewa. Majibu yakiwa ndiyo, kipokeeni kwa mikono miwili. Yakiwa siyo, anzeni kwanza kumpelekea mtoto yule mwalimu, dawati na kitabu.