Lugha za Sala Katika Nchi ya Mara

Wakati wa jubilei ni desturi kuhesabu makanisa yaliyojengwa, na mapadre waliopewa daraja, na watu waliobatizwa. Hesabu hizo ni njema, nasi hatuzikatai. Lakini twapenda kusimulia hapa habari ya jambo lisilowekwa katika vitabu vya hesabu, nalo ni lugha ambazo kwazo watu wa nchi hii walijifunza kusali.

Nchi yetu ni nchi ya makabila mengi madogo. Kando ya ziwa wako Wakwaya, na Waruri, na Wajita. Ukipanda kwenda Butiama wawakuta Wazanaki. Ukielekea Bunda na kupita, wako Waikizu na wengine. Ng'ambo ya mto Mara wako Wakuria, na Wasimbiti, na Wajaluo. Mjita akimtaja Mwenyezi Mungu asema Nyamuanga. Mjaluo asema Nyasaye. Majina hayo yalikuwako kabla ya mmisionari ye yote kufika.

Mapadre Weupe, walioitwa hivyo kwa ajili ya kanzu zao, walikuwa wamejenga Bukumbi, kusini ya ziwa, tangu mwaka 1883. Huku kwetu walikuja baadaye sana, wakaanza misioni ya Nyegina mwaka 1911, katika nchi ya Wakwaya. Nyegina ndiyo mama wa parokia zetu. Wakati ule Misa Takatifu ilisomwa kwa Kilatini, nayo mafundisho mengi yalikuwa kwa Kiswahili. Watu husahau ya kuwa siku zile Kiswahili nacho kilikuwa lugha ya ugenini huku. Kijana aliyepita shuleni au aliyefanya kazi mjini aliweza kukifuata, bali mama yake aliyebaki shambani alisikia sauti tu.

Na sheria ya Mapadre Weupe, waliyoachiwa na Kardinali Lavigerie, ilikuwa kali: mtu asibatizwe mpaka amefundishwa miaka minne. Fikirini basi, miaka minne ya kujifunza katika lugha ambayo si yako! Aliyeziba pengo hilo ni katekista. Yeye alipokea neno kwa Kiswahili, akaligeuza kwa lugha ya kijiji, chini ya mti au barazani. Kwa maoni yetu kazi yake ilikuwa nzito kuliko ya padre, kwa maana padre alikuwa na vitabu, naye katekista alipaswa kutafuta mwenyewe katika lugha ya wazee wake neno la kusema "neema".

Katika wale waliofundishwa Nyegina alikuwako mtoto mmoja wa Butiama. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki mwenye wake ishirini na wawili. Mwaka 1934 mtoto huyo alipelekwa shule ya Mwisenge, Musoma, yapata maili 26 kutoka kwao. Huko alianza kusikia habari za dini, akaenda kufundishwa pamoja na wenzake. Hakubatizwa upesi. Baba yake alifariki mwaka 1942, naye akabatizwa Nyegina tarehe 23 Desemba 1943, akaitwa Julius. Alikuwa amekwisha maliza shule ya Tabora, tena amekwisha ingia Makerere. Wako wanaodhani ya kuwa msomi hubatizwa kwa sababu ya shule. Huyu alingoja mpaka alipokuwa mtu mzima.

Mwaka 1946 Mapadre wa Maryknoll, watu wa Marekani, walikuja Musoma kuipokea kazi. Nao walikuta shida ile ile ya lugha, tena wao walianza na kutokujua hata Kiswahili. Hapa ndipo lilipotokea jambo tunalopenda lijulikane zaidi. Mwaka 1955 Julius Nyerere aliiacha kazi ya ualimu Pugu, kwa kuwa hakuweza kushika pamoja ualimu na siasa ya TANU. Akarudi kwao. Mwezi Machi mwaka ule ule alikuwa amesema mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York. Na sasa, katika Musoma, alikaa akimfundisha Padre Arthur Wille wa Maryknoll Kizanaki, na kumsaidia kutafsiri mafundisho ya dini kwa lugha hiyo.

Mtu huyu ndiye aliyekuja kuhutubia Bunge kwa Kiswahili mwezi wa Desemba 1962, nchi ilipokuwa Jamhuri, naye ndiye aliyekifanya Kiswahili kifungo cha taifa. Je, alijipinga mwenyewe? Sisi hatuoni hivyo. Alijua ya kuwa taifa lahitaji lugha moja, na ya kuwa bibi kizee wa Butiama ahitaji kuelewa sala yake kabla hajafa.

Musoma ilifanywa Jimbo mwaka 1957, na Askofu wake wa kwanza alikuwa John Rudin wa Maryknoll. Mtaguso wa pili wa Vatikano ulipotoa hati yake juu ya Liturjia, Desemba 1963, mlango wa lugha za watu ulifunguliwa, nacho Kiswahili kikapanda altareni. Tulifurahi, na ilistahili kufurahi. Lakini tuseme kweli: siku ile Kizanaki, na Kikwaya, na Kijita vilibaki nje ya mlango. Kanisa moja lenye makabila mengi halingeweza kufanya vingine, ila hasara ilikuwako, nayo iliwapata hasa wazee.

Dawa ilitoka mahali pasipotazamiwa. Tangu mwaka 1966, katika parokia za Wajaluo za Mara ya Kaskazini, waamini walianza kukusanyika vikundi vidogo nyumbani mwao, jirani kwa jirani, wakisali kwa lugha yao. Miaka kumi baadaye, mwaka 1976, maaskofu wa Afrika ya Mashariki walizifanya jumuiya ndogo ndogo kuwa kazi ya kwanza ya uchungaji.

Mwalimu mwenyewe, katika uzee wake, alizitia Enjili katika tenzi za Kiswahili, zikachapwa mwaka 1996. Alizikwa Butiama Oktoba 1999. Mwaka 2010 Bunda ilifanywa Jimbo, ikachukua sehemu ya Musoma na sehemu ya Mwanza, pamoja na Ukerewe, basi lugha nyingine zikaongezeka katika familia moja.

Leo ukienda jumuiyani upande wa Butiama, somo husomwa kwa Kiswahili. Wakati wa maombi, mama mzee hufumba macho, akaomba kwa Kizanaki, taratibu, akiwataja watoto wake mmoja mmoja. Mwalimu wa shule, aliyehamia juzi kutoka mbali, haelewi neno. Hungoja mama amalize, naye huitika Amina pamoja na wote.