Nyasi Yenye Harufu ya Sukari Guru

Jirani yangu wa hapa Bungoma, ambaye nyasi yake ya nepia imeshikwa na ule ugonjwa wa kudumaa uifanyao kuwa fupi na ya manjano, alipokuwa akiing'oa juma lililopita na kuitupa njiani, aliniuliza kwa kejeli kama majani ya ng'ombe nayo yana historia ya kuandikwa gazetini. Nami naona yanayo.

Taasisi ya utafiti wa wadudu, ICIPE, iliasisiwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, na baadaye ikawa na kituo Mbita, kando ya Ziwa Viktoria. Huko, katika miaka ya 1990, Zeyaur Khan, pamoja na akina Ahmed Hassanali na John Pickett wa Rothamsted, Uingereza, walizijaribu nyasi za malisho dhidi ya funza watoboao mabua ya mahindi.

Iliyowastaajabisha ni Melinis minutiflora, nyasi ya Kiafrika yenye vinyweleo vinatavyo vidoleni na harufu ya sukari guru. Hindi likitafunwa na funza hutoa harufu imwitayo nyigu mdogo, adui atagaye mayai ndani ya mwili wa funza yule. Lakini nyasi hii, hata kabla ya kuguswa na jino la mdudu yeyote, hutoa harufu ya namna ile ile, hata nondo jike, mzazi wa funza, akiinusa huepuka shamba kana kwamba amekuta nyumba ina wenyewe, na nyigu akiinusa huja mbio. Habari hiyo waliitangaza katika jarida la Nature mwaka 1997.

Nepia hutenda kinyume: saa ya kwanza ya giza harufu yake huongezeka kadiri ya mara 100, ikamshawishi nondo atage pembezoni mwa shamba, na funza wake atoboapo bua huzamishwa na utomvu mzito. Kwa mujibu wa watafiti hao, takriban 80 katika kila 100 hufa. Hayo mawili yakafanywa kilimo, kikaitwa Vuta-Sukuma. Kisha mmea wa desmodiamu, ambao huangamiza na gugu la kiduha pia, ukashika nafasi ya nyasi ile ya kwanza.

Linaloniudhi ni habari ya nyasi nyingine ya malisho, brachiaria. Nyasi hii, ambayo aina yake moja hubadili harufu nondo atagapo tu juu yake, asili yake ni Afrika. Ilivushwa hadi Amerika ya Kusini, ikachanganywa mbegu Kolombia, na leo yaturudia kwa jina la Mulato II, ndani ya pakiti, kwa bei, ilhali mama yake vichakani twamwita gugu.

Niliokota bua moja alilolitupa jirani, nikalipasua kwa kisu: funza, mwembamba kama uzi, alikuwa amegandia utomvuni. Nilimwonyesha. Akalitazama, akaniuliza kama ng'ombe atalikubali.