Eddystone: Mnara wa taa uliojengwa mara nne baharini

Kilomita 14 hivi kutoka rasi ya Rame Head, kusini magharibi mwa Uingereza, kuna miamba inayoitwa Eddystone. Maji yakijaa, karibu yote huzama. Kwa karne nyingi, manahodha waliokuwa wakielekea bandari ya Plymouth usiku waliigundua baada ya kuigonga.

Leo mahali hapo kuna mnara wa taa wa mita 49. Huo ni wa nne.

Wa kwanza ulijengwa na Henry Winstanley, mfanyabiashara aliyepoteza meli mbili kwenye miamba hiyo hiyo. Alianza kazi mwaka 1696, Uingereza na Ufaransa zikiwa vitani, na mwaka uliofuata akatekwa na meli ya Wafaransa akiwa kazini. Mfalme Louis wa 14 aliamuru aachiwe. Inasimuliwa kwamba mfalme alisema ugomvi wake ni na Uingereza, si na wanadamu.

Taa iliwaka Novemba 1698. Winstanley aliuamini mno mnara wake, hata akasema angependa kuwa ndani siku ya dhoruba kubwa kuliko zote. Akaipata. Novemba 1703 alikuwa huko kwa matengenezo pale dhoruba mbaya kabisa ilipoipiga Uingereza. Kulipokucha mnara haukuwepo, wala yeye, wala wenzake. Siku chache baadaye meli ya Winchelsea ikagonga miamba hiyo, sasa ikiwa haina taa.

Wa pili ulikuwa wa John Rudyerd, mfanyabiashara wa hariri, ambaye alitumia mafundi wa meli. Taa yake iliwaka mwaka 1708 na mnara ukastahimili mawimbi kwa miaka 47. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ilikuwa mbao, na juu kulikuwa na mishumaa. Usiku wa Desemba 2, 1755, paa lilishika moto.

Mlinzi wa zamu alikuwa Henry Hall, mzee wa miaka 94. Alirusha maji juu kwa ndoo huku risasi ya paa ikiyeyuka na kumdondokea. Alipookolewa alisisitiza kwamba ameimeza. Nani angeamini? Alifariki siku 12 baadaye, na daktari aliyempasua akakuta kipande cha risasi cha gramu 200 hivi tumboni mwake. Bado kimehifadhiwa katika makumbusho ya taifa ya Scotland.

Hapo ndipo alipoingia John Smeaton, na kazi yake inawagusa hata wasiowahi kuiona bahari. Aliacha mbao akatumia mawe, chini mnara ukiwa mpana na juu mwembamba, kama shina la mti wa mwaloni. Mawe yalichongwa yakaumana kama meno, hivyo wimbi haliwezi kung'oa moja peke yake.

Lakini yataunganishwa na nini? Chokaa ya kawaida haigandi majini, na hapo mawimbi yalirudi kila siku. Smeaton alijaribu chokaa za aina mbalimbali, akagundua kwamba ile inayotoka kwenye mawe yenye udongo wa mfinyanzi ndani yake hukaza hata chini ya maji. Kumbe ule uliodhaniwa ni uchafu ndio uliokuwa na nguvu. Alichagua chokaa ya Wales, akaichanganya na majivu ya volkano kutoka Italia.

Wengine waliendeleza ujuzi huo, na mwaka 1824 Joseph Aspdin akapata hataza ya saruji aliyoiita Portland, jina ambalo bado lipo kwenye mifuko ya saruji madukani.

Mnara wa Smeaton uliwashwa Oktoba 1759, kwa mishumaa 24, ukasimama zaidi ya miaka 120. Haukuangushwa na bahari. Mwamba chini yake ndio ulioanza kuliwa na maji, mnara ukawa unatikisika mawimbi makubwa yakipiga. James Douglass akajenga mwingine kwenye mwamba wa jirani, ukawashwa mwaka 1882. Tangu 1982 taa yake inajiendesha yenyewe bila walinzi.

Wakazi wa Plymouth walikataa wa Smeaton upotee. Sehemu ya juu ilibomolewa jiwe kwa jiwe ikajengwa upya mjini, ambako watalii huipanda. Kitako chake kilibaki baharini, na mpaka leo kimesimama kando ya mnara mpya.