Mtoki na Saratani ya Ngozi

Mtu akichomwa na mwiba wayoni, hazipiti siku mbili ila huona mtoki umemvimba kinenani, na wazee humkataza asiufinye. Wana haki. Mtoki ule ni tezi, na ndani yake askari wa mwili hukusanyika, wakaletewa habari za adui, wakajifunza sura yake kabla ya kwenda kumpiga.

Saratani nyeusi ya ngozi, iitwayo melanoma, nayo hupita njia hiyo hiyo. Kwa watu weusi hutokea zaidi chini ya wayo au penye ukucha, mahali ambapo mtu hudhani ni alama tu akaipuuza. Ujanja wake ni kuwa huitia usingizi tezi ya karibu, kisha ikahamia humo.

Fikra ya kuwaamsha askari hao ni ya zamani. Mwaka 1891, huko New York, tabibu William Coley alijua habari za mgonjwa aliyepatwa na homa ya vijidudu vya ngozi, na saratani yake ikayeyuka. Basi akawatia wengine vijidudu hivyo kwa kusudi. Baadhi walipona, baadhi wakafa kwa homa yenyewe, na wenziwe wengi hawakumwamini.

Miaka ya 1970 Donald Morton wa Los Angeles alichukua chanjo ya BCG, ile iliyowaachia wengi wetu kovu mkononi, akaichoma ndani ya vivimbe vya melanoma. Vingi vilinywea. Lakini walipopewa watu waliokwisha kupasuliwa, majaribio hayakuonyesha kwamba waliishi zaidi. Kubwa alilotuachia ni jingine: mwaka 1992 yeye na wenzake walieleza jinsi ya kutia rangi ya buluu penye saratani na kuifuata hadi tezi ya kwanza inayoipokea. Mgonjwa akaokoka na kupasuliwa kinena chote bure.

Mlango ulipojulikana, matabibu wa Amsterdam waliurejea ujanja wa Coley kwa upole. Hawakuchoma vijidudu vizima, bali vipande vilivyotengenezwa kwa mfano wa vinasaba vyao, pembeni mwa kovu, siku chache kabla ya kuitoa tezi. Wengine walichomwa maji ya chumvi tu. Mwaka 2007 walieleza kuwa seli za tezi zimeamka. Mwaka 2017, baada ya kuwafuatilia wagonjwa ambao saratani yao ilikuwa changa, walisema ugonjwa uliwarudia kwa uchache waliochomwa dawa. Wagonjwa wenyewe hawakuwa wengi, na dawa hiyo haijawa ya kila hospitali. Saratani changa hadi leo huanza kwa kisu.