SHULE YA UTINGO

Msikilizaji, mwaka 1966 baba yangu alikuwa utingo wa lori katika barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia. Wazungu waliibandika barabara ile jina la Njia ya Jehanamu, na safari hii sina ubishi nao.

Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith alikuwa amewatangazia uhuru walowezi wenzake wa Rhodesia. Mwezi uliofuata Uingereza iliikatia Rhodesia mafuta, na Zambia, iliyokuwa ikipata yake kupitia huko huko, ikakaukiwa. Ikabidi mafuta yapakiwe kwenye mapipa Dar es Salaam, yapande Kitonga, yavuke Tunduma, zaidi ya kilomita 1,500 hadi kwenye migodi ya shaba. Kiangazi vumbi, masika tope. Mpaka bomba la TAZAMA lilipokamilika mwaka 1968, malori hayakupumzika.

Sasa gari likiharibika porini, gereji iko wapi? Mafundi ni dereva na utingo wake. Baba hakusomea ufundi popote. Alianza kwa kuweka kigingi nyuma ya gurudumu, kisha akafundishwa kuziba pancha, kutoa hewa kwenye mipira ya dizeli, na kupima oili kwa kijiti kila alfajiri kabla injini haijawashwa. Tangi likivuja, walisugua sabuni ya mche kwenye ufa, wakafika mjini. Utingo aliyesahau kukaza nati alilala njaa porini pamoja na dereva wake, na dereva hakunyamaza usiku kucha.

Ujuzi huo ulitufaa nyumbani miaka ya 1980, baada ya Vita vya Kagera, fedha za kigeni zilipokuwa adimu na spea hazishikiki. Peugeot 404 ya baba ilitembea wakati magari ya wakubwa wa mtaa yamepandishwa juu ya matofali. Mimi nilikuwa mshika tochi. Nilishika tochi tu, nakiri. Macho yalikuwa kwenye mpira wa wenzangu.

Mwezi uliopita injini ya gari langu ilinoki papo hapo Kitonga. Taa ya oili ilikuwa ikiwaka na kuzimika tangu Mikumi, nami nikasema moyoni ni waya tu. Nilimpigia mzee simu nikitegemea pole. Akaniuliza jambo moja: kile kijiti nilikichomoa lini mara ya mwisho?

Nikamwambia mtandao unakatika.