Mkrismasi

Mkrismasi (pia: mti wa Krismasi, jina la kisayansi: Delonix regia) ni mti wa familia Fabaceae, jamaa ya mikunde, unaopandwa Tanzania kwa ajili ya kivuli na maua yake mekundu. Jina halitokani na ibada bali na kalenda: mti huchanua kuanzia Oktoba au Novemba hadi Desemba, mvua zinapokaribia au kuanza, Wakristo wakijiandaa kwa sikukuu ya Noeli. Wengine huuita mjohoro, ingawa jina hilo hutumika pia kwa Senna siamea, wenye maua ya njano.

Asili yake ni Madagaska, na Wenzel Bojer aliueleza kisayansi mwaka 1829. Kwa kawaida hufikia urefu wa mita 10 hadi 15, na matawi yake hutanda kama mwavuli. Ua lina petali tano. Nne ni nyekundu na ya tano ina weupe au njano yenye madoa. Maganda yake huweza kufikia sentimita 60. Mbegu ni ngumu, hivyo hulowekwa katika maji ya moto kabla ya kupandwa. Mizizi husambaa karibu na uso wa ardhi na kupasua sakafu na kuta, kwa hiyo usipandwe karibu na nyumba.

Katika Mkoa wa Ruvuma

Mti huu hupenda joto. Hustawi vizuri zaidi kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, ulio mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari, kuliko katika milima ya Umatengo, kwenye kata kama Ukata wilayani Mbinga, ambako baridi hupunguza maua. Huko juu, kama kwingineko katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, "mti wa Krismasi" ni zaidi msaipresi (Cupressus lusitanica, wenye asili ya Meksiko na Amerika ya Kati) au msonobari, unaokatwa na kusimamishwa kanisani au sebuleni. Anayekata kilele cha msaipresi mchanga hupata pambo la siku chache, lakini mti uliobaki hutoa vilele viwili au zaidi na shina lake halifai tena kwa mbao ndefu.

Desturi ya kupamba mti wa kijani ilikuwa ya kawaida Ujerumani, walikotoka Wamisionari Wabenedikto waliofika Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka 1899. Upande wa ziwa, Waanglikana wa UMCA walifanya kazi kutoka kisiwa cha Likoma. Katika makanisa ya Kikatoliki huwekwa pia pango lenye sanamu za Mtoto Yesu, Maria, Yosefu na wachungaji. Asili yake huhusishwa na Fransisko wa Asizi, aliyeandaa hori huko Greccio, Italia, mwaka 1223.

Ua la Krismasi la Ulaya na Marekani, Euphorbia pulcherrima, haliendani na majira ya Ruvuma. Majani yake ya juu huwa mekundu usiku unapokuwa mrefu, na kusini mwa ikweta hiyo ni Juni na Julai. Bustanini Mbinga huwaka msimu wa kuvuna kahawa, na kufikia Desemba huwa kijani tupu.